Nyuso Tano za Ghala la Pareto

Mzee Omariba alizikwa Jumapili iliyopita, na picha waliyomwekea sikuipenda. Ilikuwa ya rangi, kubwa kama mlango, imechapwa kwenye plastiki na kuzungushiwa maua ya kompyuta, na yeye mwenyewe anacheka meno yote nje, mtu ambaye miaka yote alinifundisha kwamba marehemu hachekeshwi. Nilikaa kwenye hema, safu ya nyuma, nikamwambia kijana aliyekaa kando yangu kwamba mzee huyu aliwachorea nusu ya watu wa Nyamira wazazi wao walipofariki, na leo hakuna hata mmoja aliyekumbuka kumchora yeye kwa mkaa. Kijana akaacha simu yake kidogo, akaniuliza kwa adabu, kama anayemuuliza bibi yake, “Shosho, kuchora kwa mkaa ndiyo nini?” Ningeanzia wapi? Lakini tangu siku hiyo nalala na kuamka na mwaka wa sabini na tatu, mwaka ambao nilikuwa na miaka kumi na tisa na niliamini mkono wangu unaweza kufungua mlango wowote.

Habari za wazazi wangu nitaziacha, hazina kazi hapa. Inatosha kujua kwamba nilikuwa nimepanga chumba Kisii mjini kwa Bi Rukia, mjane aliyeuza khanga na viungo, na kwamba kila asubuhi, nikishashiba mandazi na chai yake ya tangawizi, nilikwenda kujifunza kazi kwa Mzee Omariba. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la fundi cherehani. Kilikuwa na dirisha moja, na dirishani uliona choo cha jirani, na juu ya choo kilima kizima cha migomba. Mtu akifiwa alikuja na picha ndogo ya marehemu, mara nyingi ile ya kipande cha utambulisho, uso umenuna kama aliyedaiwa. Mzee aliipigia mistari ya nyuzi iliyokatizana miraba, akachora mistari hiyo hiyo kwenye karatasi kubwa, kisha mraba kwa mraba akamrudisha mtu. Kufutia mkaa tulitumia mkate mweupe, ile sehemu laini ya ndani, na maganda tukayala na chai saa nne, kwa hiyo kazi ile naikumbuka kwa ladha yake hasa. Picha ikiisha nilichukua maziwa yaliyoenguliwa, yamechanganywa na maji, nikayapuliza kwa kijibomba juu ya karatasi ili mkaa ushike. Wiki ya kwanza nzi walizipenda picha zetu kuliko wafiwa wenyewe.

Na kulikuwa na jambo moja ambalo lazima nilieleze sasa. Kila mwanamume aliyepita mikononi mwa Mzee Omariba alivikwa koti na tai, hata kama maisha yake yote alijitanda blanketi. Kila mwanamke alipata kola nyeupe na mkufu. “Mjane anataka kuona alikuwa ameolewa na mtu,” alisema Mzee, na mimi sikubishana, maana niliona wajane walivyoinua uso wakiipokea. Hakuna sebule niliyoingia miaka ile, Kebirigo mpaka Nyamache, nisimkute marehemu ukutani amevaa tai ile ile yenye mistari ya mshazari. Mzee alijua kuchora tai moja tu. Watu walio hai hawakutuhitaji. Aliye hai alikwenda studio ya mjini akapigwa picha amesimama na baiskeli ya kuazima.

Mwaka huo ndipo nilipoanza kwenda Kebirigo na chakula. Nje kidogo ya soko kulikuwa na ghala la zamani la kukaushia pareto, na humo walifungiwa watu sita waliovuka mpaka kutoka Uganda wakiwakimbia wanajeshi. Walishikwa ndani ya basi wakielekea mashamba ya chai kutafuta kibarua, hawana karatasi hata moja, na kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kuwaweka wakawekwa hapo. Mmoja wao alikuwa Mwislamu, na Bi Rukia aliposikia kwamba hali nyama ya pale akasema haiwezekani Mwislamu alale njaa na yeye yupo. Basi mara mbili kwa wiki nilipanda basi la asubuhi na sufuria ya wali na maharagwe mapajani. Ghala lilinuka maua makavu. Vumbi la pareto lilikuwa bado limejaa kwenye mbao, kwa hiyo mle ndani hapakuwa na mbu wala kiroboto, lakini wote sita walipiga chafya kutwa. Ukikaribia mlango ulisikia chafya kwanza, kisha sauti ya Nalubega.

Nalubega alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, hajafika miaka thelathini, na hakujua kusema polepole. Huku anachagua mawe kwenye maharagwe aliniambia jinsi mume wake alivyochukuliwa mezani, sahani ikiwa nusu, na jinsi yeye alivyoiosha ile sahani kwanza kabla ya kukimbia. “Sijui kwa nini niliosha,” alisema. “Hebu niambie wewe, ni akili hiyo?” Walikuwapo pia mume na mke waliokuwa washonaji, na ndugu wawili wanafunzi ambao waligombana juu ya kila kitu, hata juu ya nani amepiga chafya zaidi. Na yule Mwislamu wetu, Khamisi, fundi wa mitambo kutoka Arua. Alikuwa mrefu, mkimya, na kila shavu lake lilikuwa na mikato mitatu ya wima, alama za kwao, aliyokatwa angali mtoto. Siku zile mikato ile peke yake ilitosha kumharibia mtu. Ilisemekana kwamba wanajeshi wakali wa kule ndio wenye alama hizo, na mlinzi alimpa Khamisi maji kwa kulisukuma kopo kwa fimbo. Mimi mwenyewe, nikisema kweli, nilimpa chakula bila kumtazama sana usoni. Yeye kila mara alisema, “Asante, binti, msalimie mama,” akanirudishia chombo kimeoshwa.

Afisa aliyewasimamia hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana, alivaa soksi ndefu, na alituambia mambo waziwazi. Atakayepata mwenyeji, mtu mwenye boma lake ambaye atakuja kutia kidole gumba mbele yake, ataachiwa akae naye mpaka karatasi zitengenezwe. Asiyepata atapandishwa lori Ijumaa ya mwisho wa mwezi, arudishwe mpakani. Na waliokuwa wakingoja mpakani hawakuwa wakingoja na chai. Ilikuwa imebaki kama wiki moja, na hakuna mtu hata mmoja wa Kebirigo aliyekuwa amesogea pale mlangoni. Jioni moja kwenye basi niliwasikia akina mama wawili kiti cha mbele. “Wako wangapi mle?” mmoja aliuliza. “Wanasema mia.” “Na wanakula nini?” Yule wa pili akafikiri. “Kama wanakula,” akasema. Nikafika karakana moto unanitoka kichwani. Nikamwambia Mzee, “Hawajawaona. Mtu atamkaribishaje mtu ambaye hajamwona? Sisi tunajua kuchora nyuso. Tuzitundike sokoni.”

Mzee Omariba alikuwa Msabato, kwa hiyo tulikwenda Jumapili. Afisa alikataza kamera, lakini kuchora akasema, “Choreni tu, mkaa haujambo.” Ilikuwa moja kati ya siku nzuri za maisha yangu, na siombi radhi kwa kusema hivyo. Mlango ulifunguliwa upepo uingie, mke wa mshonaji akatuchemshia ndizi kwa jiko la mawe matatu, na wale ndugu wawili wakabishana nani ana pua bora ya kuchorwa. Mzee alichora wawili, mimi nikachora watatu, Nalubega akiwa wa mwisho. Alikuwa haachi kuongea, nikalazimika kuukisia mdomo. Kisha Mzee akanitazama, akaelekeza kidevu upande wa Khamisi aliyekuwa ameketi juu ya gunia, amekwisha kuvaa shati lake safi. “Na huyu?” akaniuliza kwa sauti ya chini. Nikasema, “Huyu tumwache. Wataogopa, watawakataa wote.” Karatasi tulizobeba zilikuwa sita. Nalisema hili kwa sababu kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba zilikuwa tano.

Jumatatu tukazimalizia picha karakana, haraka haraka, mkono ukienda wenyewe. Jumanne, siku ya soko Kebirigo, tukazitundika nyuso tano kwenye kamba kati ya nguzo mbili, upande wa wauza ndizi. Nilikuwa nimeandaa maneno yangu tangu usiku. Kabla sijafungua mdomo, bibi mmoja aliyekuwa akiuza mboga za managu, Mong'ina Kerubo, kama wanavyowaita akina mama wa huku, mjane aliyejulikana soko zima kwa ulimi wake, aliweka kikapu chini. Akapita picha moja baada ya nyingine mikono nyuma, akafika kwa Nalubega, akasimama. “Mtoto mdogo namna hii,” alisema. “Nani alimlilia?” Nikamwambia, “Mong'ina, hajafa. Yuko hapo ghalani.” Akanishika mkono kwa huruma kabisa. “Hata mimi nilisema hivyo wa kwangu alipofariki,” akasema, kisha akajishika kichwa na kuanza kulia. Si kulia kwa machozi tu. Kilio cha msiba chenyewe, cha kupaza, na mama wa ndizi akakipokea, na mama wa vyungu, mpaka soko zima likasimama.

Nilimgeukia Mzee Omariba. Alikuwa amezikazia macho picha zetu kama mtu anayeziona mara ya kwanza. Wanaume wote watatu walikuwa wamevaa koti na tai ya mshazari. Nalubega na mke wa mshonaji walikuwa na kola nyeupe na mkufu. “Zuhura,” aliniambia taratibu, “tumewaua.” Sasa nacheka nikiandika, lakini siku ile nilitaka kupanda juu ya gunia nitangaze kwamba wako hai, Mzee akanivuta. Alisema kilio cha watu wa huku kikishaanza hakizimwi na msichana wa mjini, nitaonekana nawatukana wafu. Tukakunja kamba, tukarudi mjini, na Bi Rukia aliposikia kisa chote aliweka bakuli chini, akasema “Lahaula,” akacheka mpaka akajifuta macho kwa ushungi. Mimi sikucheka. Zilibaki siku tatu.

Asubuhi ya Jumatano tulikuta watu wamejaa mbele ya ghala. Walikuwa wamekuja na kuni, na mikungu ya ndizi, na maziwa kwenye vibuyu, na wanaume na majembe. Mzee mmoja wa ukoo alikuwa akimweleza afisa, kwa upole wa mtu anayezungumza na mgonjwa, kwamba maiti wasizikwe kando ya barabara kama mbwa, wapewe wao. Mong'ina Kerubo alikuwa amekwisha kuwaamuru wanawe wakate migomba miwili ili pawe na nafasi ya kaburi la yule binti mwalimu, na alikuwa ametamka hivyo mbele ya wazee. Afisa alikuwa amelowa jasho mpaka kwenye soksi. Mwishowe hakuona njia nyingine. Akaamuru mlango ufunguliwe, wakatoka mmoja mmoja wakipiga chafya, Nalubega mbele, kikombe cha chai mkononi.

Kerubo alimwendea Nalubega, akamgusa shavu, akambana mkono. “Jana nimekulilia mpaka sauti ikaisha,” alimwambia, na kweli sauti ilikuwa imekauka. “Kumbe wewe uko hapa unakunywa chai.” Watu wakapasuka kucheka, wengine huku wanalia. Afisa akaona nafasi, akauliza kikazi, “Mama, huyu ni nani wako?” Kerubo akamgeukia kama aliyeulizwa upuuzi. “Nimempa kaburi mbele ya wazee,” akasema. “Nitamnyima kitanda?” Kwa Abagusii mahali pa kaburi ndipo pa mtu. Ukishamkatia mtu kaburi bomani mwako na wazee wamesikia, ni wa kwako, na neno hilo halirudishwi. Kerubo alitia kidole gumba pale pale, na wengine waliokuwa wamekuja na kuni na maziwa wakajikuta wameshajifunga vile vile, maana nao walikwisha kutaja mahali pa makaburi. Washonaji wakachukuliwa na boma moja, wale ndugu wawili na jingine, tayari wanabishana nani atabeba mkungu. Nalubega alikaa kwa Kerubo miaka mingi, akafundisha, akaolewa tena, na kila tulipokutana alinikemea kwamba mkufu niliomchorea haukuwa wa mtu wa hadhi yake.

Khamisi alitoka wa mwisho. Alikuwa amevaa lile shati safi. Kicheko kikapungua, watu wakasogea nyuma hatua moja, na mzee wa ukoo akauliza, “Na huyu?” Mtu akajibu, “Huyu hatukumlilia.” Hakusema kwa ubaya, alisema kama mama anayesema sahani hii si ya nyumba hii. Khamisi akangoja kidogo, akaona hakuna anayeongeza neno, akageuka akarudi ndani mwenyewe.

Mimi nilikimbia mjini. Mzee Omariba alibaki Kebirigo, ameketishwa kwa Kerubo anakunywa uji kama mkwe, kwa hiyo karakana nilikuwa peke yangu na ile karatasi ya sita. Uso wa Khamisi niliujua kuliko nilivyodhani. Ulikuja haraka, paji, macho, ule mdomo usiopenda maneno, na mikato mitatu kila shavu. Ulikuwa mchoro bora kuliko yote niliyowahi kuchora. Nikauegemeza ukutani, nikautazama kwa macho ya mtu wa sokoni. Kisha nikachukua mkate nikaifuta mikato, mmoja mmoja, nikalainisha mashavu kwa kidole. Tai sikumvika, hilo nilikuwa nimejifunza. Alikuwa kijana mzuri wa kuozeshwa popote.

Alhamisi nikaipeleka picha soko la Mosocho, na Mungu si Athumani, mtu wa kwanza kusimama alikuwa Ondieki, mwenye mashine ya kusaga unga. Mashine yake ilikuwa imenyamaza tangu mwezi uliopita na wateja walikuwa wakimpita na magunia. “Fundi?” aliuliza. “Fundi kweli, wa mitambo?” Nikaapa. Akaitazama picha, akasema uso huu ni wa mtu mtulivu, kesho asubuhi atakuja kutia kidole na kumchukua. Nilirudi kwa Bi Rukia nikala sahani mbili za pilau. Nililala usingizi mzito.

Ijumaa tulifika pamoja, lori likiwa limeshawashwa. Khamisi alikuwa juu yake, na askari akamshusha kwa ajili yetu. Ondieki alimtazama, akaitazama picha mkononi mwangu, akamtazama tena. “Huyu siye,” akasema. Nikamwambia ndiye, ndiye kabisa, ni hizo alama tu, nilizitoa watu wasiogope. Nilisema maneno mengi, nikamshika hata mkono, nikalia. Ondieki hakuwa mkali, na afadhali angekuwa. “Ungeniambia ana alama ningekuja vile vile,” alisema. “Mimi nilitaka mikono yake, sikutaka mashavu. Lakini wewe umeficha. Sasa nitajuaje umeficha nini kingine? Nina watoto nyumbani.” Afisa akamngoja muda mrefu kuliko alivyolazimika. Kisha akafunga daftari.

Khamisi alikuwa amesikia kila kitu. Aliniomba ile picha. Akaishika kwa ncha za vidole asiuharibu mkaa, akaitazama, akajigusa shavu. “Mama yangu angepita hapa asinijue,” alisema. “Yeye ndiye aliyenishika siku nilipokatwa.” Akanirudishia. Akapanda, na alipokuwa juu akanipitishia ile sufuria ya Bi Rukia kati ya mbao za lori, imeoshwa. “Mwambie mama mkono wa sufuria ulikuwa umelegea,” alisema. “Nimeukaza. Asante kwa chakula, binti.”

Lori likaondoka kuelekea mpakani, na mpaka leo sijapata mtu wa kuniambia lilimfikisha wapi. Ondieki alisimama kando yangu mpaka vumbi likatulia. Kisha akaichukua ile sufuria mikononi mwangu, akaushika mkono wake, akaukunja huku na huku kwa nguvu zake zote, na haukutikisika. “Kumbe alikuwa fundi,” akasema.